Buibui wa Majini na Moto wa Kwanza

Zamani za kale dunia ilikuwa na baridi, wasimulia Wacherokee wa milima ya kusini-mashariki mwa Marekani. Kisha viumbe waitwao Radi wakatuma umeme, moto ukawaka ndani ya shina la mti lenye uwazi, kisiwani. Moshi ulionekana, ila maji yalizuia njia.

Kunguru alitangulia kuufuata moto huo, joto likamchoma, akawa mweusi hadi leo. Bundi alichungulia shinani, macho yakabaki mekundu. Nyoka nao wakarudi weusi tii.

Ndipo akajitolea buibui wa majini, mwenye vinyweleo vyeusi na mistari myekundu. Tazama ufundi wake: alisokota uzi, akafuma kibakuli, akakifunga mgongoni. Humo alitia kaa moja tu la moto, akakimbia juu ya maji hadi ng'ambo. Kibakuli hicho, wasema wazee, angali nacho.

Mtafiti James Mooney alichapisha masimulizi haya mwaka 1900. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wake aliipata North Carolina kwa mganga Ayunini, aliyefariki mwaka 1899. Ayunini alitoka katika jamii iliyobaki milimani pale Wacherokee wengi walipohamishwa kwa nguvu kwenda magharibi, mwaka 1838.