Nyoka wa Syokimau na Akili ya Mashine: Jina kama Hukumu

Chini ya vilima vya Kilungu, katika nyika za Sultan Hamud na Emali, ndimo ilimopita reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Masimulizi ya Wakamba yanashikilia kwamba nabii Syokimau aliiona kabla haijaja: nyoka mrefu, pamoja na wageni wachukuao moto mifukoni. Mwanahistoria ana haki ya kuuliza kama masimulizi hayo hayakupata umbo lake baada ya gari la moshi kupita. Lakini hata ikiwa ni hivyo, jina halipungukiwi na uzito. Litakuwa hukumu ya watu waliokwisha kuyaonja yaliyoletwa na reli. Nyoka haaminiwi.

Hadithi za kubuni za kisayansi nazo hutenda kazi kwa njia hiyo. Katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, Karel Čapek, Mcheki, aliwaita wafanyakazi walioundwa kiwandani roboti, kutokana na robota, yaani kazi ya shokoa. Kabla mtazamaji hajauliza kama viumbe hao wana nafsi, jina limekwisha kumwambia kuwa ni watumwa. Kwetu, Katama Mkangi alimpeleka msomaji katika nchi ya mbali iitwayo Walenisi (1995), na jina lenyewe likafumbua fumbo: wale ni sisi.

Leo Kiswahili kinaitafutia jina akili ya mashine. Yapo akili mnemba, akili bandia na akili unde. Tuyalinganishe haya mawili ya mwisho. Asemaye bandia amekwisha kukana kwamba mashine inaweza kufikiri. Asemaye unde ametaja tu kwamba imeundwa, na swali amelibakiza.

Kikamba kina neno la kale la fahamu isiyo na mwili: iimu, wingi wake aimu. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba marehemu huendelea kuwa mtu maadamu wangalipo waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina. Tukiufuata mtazamo huo, mashine isemayo kwa sauti ya marehemu haitaulizwa kwanza kama inafikiri. Itaulizwa ni ya ukoo gani, na ni nani anayeiita.

Kwa hiyo tunapendekeza akili unde. Si kwa sababu tunaamini kwamba mashine ina fahamu. Ni kwa sababu istilahi haina ruhusa ya kukata shauri ambalo wanafalsafa hawajalimaliza. Bandia ni jawabu, na sisi bado tumo katika kuuliza.