Nyuki wa okidi, ua la vanila na kijana Edmond: fasi hadisi inaweza kutoka

Katika bustani za Muhumba, kule komini ya Ibanda ambako mji wa Bukavu unaingia ndani ya ziwa Kivu, kuna nyuki wanaojulikana na kila mtu. Kuna nyuki wa asali. Kuna wale wadogo wasio na mwiba. Na kuna yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za nyumba na kutisha watoto kwa mlio wake. Huyu wa mwisho ana sifa mbaya, lakini ndiye mfanyakazi mkubwa kwenye ua la marakuja.

Nyuki wa okidi hayuko. Yeye ni wa Amerika tu, tangu Meksiko mpaka Argentina. Lakini kazi yake ilifika mpaka huku bila yeye mwenyewe, na kwa mtu anayetafuta hadisi ya kuandika au ya kusoma kwenye redio, hapo ndipo mambo inaanza kuwa tamu.

Kwanza, ni nyuki gani huyo? Aina zake zinapita 200. Wengi wanang'aa kama chuma kilichopakwa rangi: kijani, buluu, dhahabu. Dume lake haliendi kwenye ua la okidi kutafuta asali wala chakula, bali harufu. Analikwangua ua kwa miguu ya mbele, anakusanya manukato na kuyaweka ndani ya mifuko iliyo kwenye miguu ya nyuma. Anachanganya harufu ya ua hili na ya lile, hata ya mbao zinazooza, mpaka anapata mchanganyiko wake. Siku ya kutafuta jike, ndiyo mali anayoonyesha. Kijana anayejipulizia marashi Jumamosi mangaribi mbele ya kwenda kwenye arusi hafanyi tofauti sana.

Ua nalo halitoi bure. Kuna okidi moja yenye umbo la ndoo, na ndani ya ndoo kuna maji. Dume linateleza, linaanguka, linalowa, haliwezi kuruka. Mlango wa kutokea ni mmoja, mwembamba, na wakati anajipenyeza ua linamgandisha mgongoni vifurushi viwili vya poleni, yaani ule unga wa uzazi. Akienda kuanguka katika ua lingine la namna hiyo, vifurushi vinabaki kule, na mbegu inapatikana. Mzee wa kupiga migani jioni angetambua mara moja: hii ni hadisi ya mtego, ya tamaa, na ya aliyetumwa bila kujua kwamba ametumwa.

Sasa vanila. Vanila pia ni okidi, ya Meksiko na nchi za jirani zake. Ua lake linafunguka asubuhi na kufa siku ileile. Ndani yake kuna kingozi kidogo kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike, kwa hiyo ua haliwezi kujizalisha lenyewe. Kule kwao nyuki ndio wanaofanya kazi hiyo, na nyuki wa okidi wanatajwa kati yao. Wazungu walipochukua mmea na kuupeleka mbali, nyuki hawakupanda mashua. Mmea ulikomaa, ukachanua, lakini haukuzaa. Mwaka 1836 mtaalamu Mbelgiji Charles Morren, huko Liège, alifaulu kuuzalisha kwa mkono ndani ya nyumba ya vioo, ila njia yake haikuenea mashambani.

Aliyefungua mlango ni mtoto mtumwa. Edmond alizaliwa mwaka 1829 kwenye kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa leo Réunion. Mama yake alikufa wakati wa kumzaa. Mwenye kumiliki, Ferréol Bellier-Beaumont, alipenda maua, na alikuwa akitembea na mtoto bustanini. Alimwonyesha namna ya kuoanisha ua la kiume na la kike la mmea wa jamii ya maboga. Mwaka 1841, Edmond akiwa na miaka 12, Bellier-Beaumont alikuta matunda mawili kwenye mvanila wake uliokaa karibu miaka 20 bila kuzaa. Mtoto akasema ni yeye. Bwana hakusadiki, mpaka alipomwona: kijiti chembamba kuinua kile kingozi, kidole gumba kusukuma poleni. Basi. Akapelekwa katika mashamba mengine kufundisha.

Kisiwa kilitajirika. Yeye hapana. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1848, akapewa jina Albius, akaenda mjini kutumika, akafungwa juu ya wizi, akaachiliwa mbele ya wakati. Akafa maskini mwaka 1880. Tena kulitokea mtaalamu mmoja, Jean Michel Claude Richard, aliyedai kwamba yeye ndiye alimfundisha mtoto. Bellier-Beaumont aliandika barua kumtetea Edmond. Kwa hiyo hata ushahidi wa mtumwa ulibidi upitie kalamu ya bwana wake. Jambo hilo peke yake linatosha kwa mchezo mzima wa redio, na mwandishi mzuri hataharakisha kupita hapo.

Njia ya Edmond ndiyo inayotumika mpaka leo, Madagaska, Uganda, na huku kwetu mashariki: upande wa Beni na Mambasa, mkulima anapita kwenye vanila yake asubuhi, ua kwa ua, mbele jua halijawa kali. Akiugua siku moja, maua ya siku hiyo yamekwenda. Lililoshikwa vizuri linakaa kama miezi tisa mpaka tunda likomae. Miezi tisa, na wezi wanajua hesabu hiyo. Wengine wanavuna ikingali mbichi kwa kuogopa kuibiwa, bei inaanguka. Uganda, serikali inatangaza tarehe ya kuvuna kwa sababu hiyo.

Mwandishi wa Bukavu anaombwa mara nyingi hadisi ya vita. Vita iko, na watu wanaiishi. Lakini mama anayeamka saa kumi na moja kuwahi maua huku akiogopa barabara ya shamba, naye yuko ndani ya vita hiyohiyo, na msikilizaji atamfuata mpaka mwisho juu anataka kujua kama atafika mbele ua halijafunga.

Kwa redio kunabaki swali la sauti. Ua halina sauti. Yule nyuki mweusi anayo, nzito, na simu ya kawaida inaweza kuirekodi kwenye mti wa marakuja, saa ambayo pikipiki bado hazijawa nyingi barabarani.