Jazi Iliyovaa Kofia ya Mchunga Ng'ombe

Mtu akisikia western swing anawaza farasi, kofia pana na fidla, kisha anautupa muziki wote huo kwenye kapu la kantri. Mimi nasema kapu hilo si lake. Sikiliza rekodi za Milton Brown na Musical Brownies za mwaka 1935, halafu uniambie kama hiyo si jazi.

Brown aliunda bendi hiyo Fort Worth, Texas, mwaka 1932, baada ya kuachana na Light Crust Doughboys, bendi ya redio ya kutangaza unga wa ngano, alikoimba pamoja na Bob Wills. Aliingiza piano kwenye bendi ya fidla na magitaa, na watu wakajaa kucheza dansi pale Crystal Springs. Cecil Brower kwenye fidla alifuata nyayo za Joe Venuti, mwanajazi. Lakini jamaa anayenikosha zaidi ni Bob Dunn. Gitaa lake alililaza mapajani, akaliunga kwenye amplifaya, na Januari 1935 wakarekodi Chicago: miongoni mwa rekodi za kwanza kabisa za gitaa la umeme. Zile sauti laini za Hawaii hakuzitaka. Alikata noti fupi fupi, kali, kama mtu anayepuliza tromboni. Na kweli, alimhusudu Jack Teagarden.

Fidla za dansi walizirithi kwa baba zao. Mdundo na ubunifu wa papo kwa papo waliupata kwa Weusi. Wills alikulia kwenye mashamba ya pamba akisikia nyimbo za vibarua Weusi, na alisimulia alivyopanda farasi maili 50 kwenda kumwona Bessie Smith. Ila kampuni za rekodi zilitenga katalogi: Weusi huku, Weupe wa vijijini kule. Basi jina la muziki likafuata rangi ya mpigaji, si sauti yake.

Brown alifariki Aprili 1936 kufuatia ajali ya gari, akiwa na miaka 32. Wills, akiwa Tulsa, aliongeza drums, tarumbeta na saksafoni, akavuna umaarufu. Mwaka 1968 aliingizwa kwenye jumba la heshima la muziki wa kantri. Anastahili. Ila neno jazi tusiliache nje ya mlango. Ukiliondoa, unawafuta na Weusi ambao wapigaji hawa walijifunza kwao.