Mpasuaji Akichaguliwa Kuongoza Chama cha Madaktari, Malindi Yatuhusu Nini?



Mama yangu mdogo alificha uvimbe wa titi kwa miezi minane. Hakumwambia mumewe, wala hakuniambia mimi niliyekuwa nikimpeleka sokoni kila Jumamosi. Alimwambia dadangu peke yake, naye akamwapisha asiseme. Uvimbe ulipozidi, dadangu akavunja kiapo. Siku tuliyomfikisha hospitali aliketi kwenye benchi mpaka jina lake likaitwa. Akasukuma mlango, akaona daktari ni mwanamume, akaukaza mtandio wake akageuka. "Nirudishe nyumbani, mwanangu," ndilo neno aliloniambia.

Ilipita miezi mingine minne kabla hajakubali kurudi. Alituacha mwaka wa pili wake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Daktari yule simlaumu. Hakukosa lolote, alikuwa akifanya kazi yake, na siku hiyo hapakuwa na mwingine.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari ambazo wenzangu wa barazani huzipita haraka: chama fulani cha madaktari kimepata rais mpya, mpasuaji fulani amechaguliwa kuongoza. Wenzangu husema hizo ni habari za Nairobi na za wakubwa wenyewe kwa wenyewe. Leo nataka kueleza vyama hivi ni nini, viongozi wake wana uwezo gani, na kwa nini mtu wa Malindi au Kilifi asizipuuze.

Vyama si kimoja

Watu wengi huchanganya mambo matatu. La kwanza ni Baraza la Madaktari, KMPDC. Hicho ni chombo cha kisheria. Ndicho kinachompa daktari leseni, na ndicho kinachomwita akilalamikiwa. La pili ni chama cha wafanyakazi, KMPDU, kilichosajiliwa mwaka 2011. Hiki hutetea mshahara na mazingira ya kazi. Ndicho kilichoongoza mgomo wa siku 100 ulioanza Desemba 2016 na kumalizika Machi 2017, na tena mgomo wa mwaka 2024.

La tatu ni vyama vya taaluma, na hapo ndipo mada yangu ilipo. Hivi havitoi leseni wala havigomi. Kazi yake ni elimu, viwango vya matibabu, utafiti na kuishauri serikali. Chama cha Madaktari cha Kenya, KMA, kilianzishwa mwaka 1968. Mwaka 2016 Dkt. Jacqueline Kitulu akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza, na mwaka 2024 Chama cha Madaktari Duniani kikamchagua kuwa rais wake mteule.

Wapasuaji nao wana vyao. Kikubwa katika ukanda wetu ni COSECSA, Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Kina nchi wanachama 14, na kila nchi ina wawakilishi wake kwenye baraza la chuo. Dkt. Jane Fualal, mpasuaji kutoka Uganda, ndiye mwanamke wa kwanza kuwa rais wake.

Miriam Mutebi ni nani?

Mfano ulionifanya niandike ni wa Dkt. Miriam Mutebi. Huyu ni Mkenya, daktari bingwa wa upasuaji wa saratani ya matiti katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, akafanya mafunzo ya upasuaji Aga Khan, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kubobea katika upasuaji wa saratani ya matiti. Akapita pia New York, ambako alisomea takwimu za maradhi na kufanya utafiti kuhusu tofauti za matibabu ya saratani kati ya watu na watu. Ni mmoja wa wanawake wa mwanzo kabisa nchini Kenya kubobea katika kazi hiyo.

Hakungojea kiti ndipo aanze kazi. Yeye ni mmoja wa waanzilishi wa chama cha wanawake wapasuaji wa Afrika, PAWAS, kinachowashika mkono wasichana wanaotaka kuingia katika fani hii. Akaingia katika bodi ya UICC, muungano wa dunia wa mashirika yanayopambana na saratani. Kisha akawa rais mteule wa AORTIC, Shirika la Afrika la Utafiti na Mafunzo ya Saratani, na mwaka 2023, shirika lilipokutana Dakar, Senegal, akashika urais wenyewe.

Utaratibu huo wa rais mteule ni mzuri kuujua. Katika vyama vingi vya madaktari mtu hachaguliwi leo akaapishwa kesho. Huchaguliwa, akakaa pembeni ya rais aliyepo akijifunza kazi, kisha ndipo akashika usukani. Kwa hivyo anayetaka kujua chama kitaelekea wapi, amtazame rais mteule. Mwaka 2024, kwa mfano, UICC ilimchagua Dkt. Zainab Shinkafi-Bagudu wa Nigeria kuwa rais mteule. Ni Mwislamu, daktari wa watoto, kutoka upande wa kaskazini ambako wanawake wengi wana haya ile ile aliyokuwa nayo mama yangu mdogo.

Kiti hiki kina uwezo gani?

Tuseme ukweli. Rais wa chama cha taaluma hana bajeti ya serikali. Hawezi kujenga wodi Malindi, hawezi kumwajiri daktari Kilifi. Afya ya hospitali zetu iko mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Anayekuambia kuwa chama kitaleta mashine, anakudanganya.

Lakini ana mambo manne mkononi mwake. Kwanza, huamua ni jambo gani litakalozungumzwa. Kongamano la madaktari likitenga siku nzima kuzungumza kwa nini wanawake huchelewa kufika hospitali, watafiti watalitafuta jibu na wafadhili watalifuata. Pili, vyama ndivyo vinavyoandika au kushauri miongozo ya matibabu, na mwongozo ndio unaofuatwa na muuguzi wa zahanati. Tatu, husema na mawaziri na Shirika la Afya Duniani kwa sauti ambayo daktari mmoja hana. Nne, na hili ni kubwa kwa COSECSA, huamua mpasuaji afunzwe wapi.

Zamani ilikuwa mtu hawezi kuwa mpasuaji bingwa ila akae chuo kikuu mjini. COSECSA ilikuja na njia nyingine: daktari hufunzwa akiwa kazini, katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa na chuo, chini ya mpasuaji mkongwe, kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi zote. Maana yake hospitali ya kaunti ikitimiza masharti inaweza kuwa mahali pa kufunza wapasuaji. Na mtu aliyefunzwa mahali huelekea kubaki mahali pale.

Hesabu ya Kilifi

Utafiti wa wapasuaji wa ukanda huu uliochapishwa mwaka 2016 uliwahesabu wapasuaji 1,690. Ukiwagawa kwa idadi ya watu ni 0.53 kwa kila watu 100,000, yaani mpasuaji mmoja kwa karibu watu 190,000. Asilimia 64 walikuwa wakifanya kazi katika mji mkubwa wa biashara wa nchi yao. Na wanawake walikuwa asilimia 9 tu. Tangu hapo wamefunzwa wengi, lakini tuichukue hesabu hiyo tuilete nyumbani.

Sensa ya mwaka 2019 iliipa Kaunti ya Kilifi watu 1,453,787, kuanzia Mtwapa mpaka Magarini, na Ganze huko juu. Kwa kiwango kile, tungegawiwa sawa bila upendeleo, tungepata wapasuaji wanane. Katika hao wanane, asilimia 9 wawe wanawake. Piga hesabu mwenyewe: mwanamke mmoja mzima hapatikani.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea siku ile kwenye benchi. Nilidhani ni bahati mbaya ya zamu. Kumbe ni hesabu iliyoandikwa miaka mingi kabla mama yangu mdogo hajaugua, katika vikao vya kuamua nani afunzwe upasuaji na afunzwe wapi.

Saratani yenyewe haingoji. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa Kenya mwaka 2020 yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 6,700 wa saratani ya matiti na vifo zaidi ya 3,000. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango maalumu wa maradhi haya. Lengo ni kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, na mtu akishafika kwa daktari, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60. Mama yangu mdogo alipoteza mwaka mzima kabla ya kuguswa na daktari.

Na akishagunduliwa, safari ndiyo inaanza. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi. Kwa miaka mingi mashine za serikali za tiba ya mionzi zilikuwa Nairobi peke yake, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mama wa Marafa aanze kwa bodaboda, apande matatu ya Malindi, alale Mombasa kwa jamaa, kisha basi la Nairobi. Tume ya Lancet ya mwaka 2015 kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza mtu aweze kufikia hospitali yenye upasuaji wa lazima ndani ya saa mbili. Saa mbili, ndugu msomaji, kuna mahali Magarini mtu bado anangojea pikipiki.

Haya, dini na daktari

Sitaki mtu aseme kwamba ninalaumu haya ya kina mama zetu. Haya ni sehemu ya imani. Lakini wanazuoni wetu wametufundisha siku zote kwamba dharura ina hukumu yake, na kwamba mgonjwa asipopata daktari mwanamke atatibiwa na mwanamume, kwa staha na akiwapo mtu wake. Hili lisemwe wazi kwenye darsa za kina mama, lisingojee mtu augue.

Na upande wa pili wa mas'ala usisahaulike. Kama tunataka wake zetu na binti zetu watibiwe na wanawake, nani atakayekuwa mwanamke huyo? Zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema lake la kuwauguza majeruhi wa vita. Hakuna aliyemwambia kazi ya vidonda si ya mwanamke. Leo binti wa Shela au wa Barani akipata alama nzuri za sayansi, tunamwambia asomee kitu chepesi ili aolewe mapema. Kisha tunakwenda hospitali tunauliza mbona hakuna daktari wa kike.

Tufanye nini?

Mimi si daktari na kura sina katika vyama hivyo. Lakini maswali hayahitaji kura. Wapasuaji na viongozi wa vyama vyao huja Pwani kwa makongamano na kambi za matibabu. Wakija, tuwaulize: ni hospitali gani ya Kaunti ya Kilifi inayofunza wapasuaji, na kama hakuna, inapungukiwa na nini? Jibu likishapatikana tumpelekee mwakilishi wa wadi na waziri wa afya wa kaunti, kwa sababu masharti ya mafunzo hutimizwa kwa pesa za kaunti.

Madaktari wetu wa Pwani nao, waliojaa ujuzi na wakaridhika kukaa kimya, wajiunge na vyama vyao na wagombee. Baraza likikaa bila mtu wa Pwani, hakuna atakayekumbuka umbali wa Marafa.

Na wewe dada unayesoma hapa, ukihisi kitu usichokijua katika titi, nenda wiki hii, si mwezi ujao. Si kila uvimbe ni saratani, na mwingi wake si saratani. Kwenda ndiko kujua. Ukiona haya, mchukue dadako au mamako, omba muuguzi wa kike awepo chumbani. Hiyo ni haki yako, na daktari muungwana hatakataa.

Mama yangu mdogo alikuwa na mjukuu wa kike, yuko kidato cha tatu sasa. Juzi aliniuliza kama msichana anaweza kuwa mpasuaji. Nikamwambia kuhusu Dkt. Mutebi. Akaniuliza tena: "Na mtu akasomee wapi, ami?" Hilo sikuwa na jibu la karibu la kumpa. Nikamwambia Nairobi.