Nguvu kati ya minyororo ya polima

Nguvu kati ya minyororo ya polima ni mivutano inayoshikanisha molekuli ndefu za polima, tofauti na vifungo vya kovalenti vinavyounga atomu ndani ya mnyororo mmoja. Kifungo kimoja cha haidrojeni huvunjwa kwa takriban kilojuli 20 kwa moli. Cha kovalenti baina ya kaboni mbili hudai karibu 350. Hata hivyo mnyororo hushikana na jirani zake mahali pengi mno, na uimara hutokana na wingi huo.

Mfano bora magharibi mwa Kenya ni karatasi. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, Webuye, katika kaunti ya Bungoma, kiliitengeneza tangu miaka ya 1970 hadi kilipofungwa 2009. Mbao zilipikwa kwa kemikali hadi lignini, dutu inayoshikanisha nyuzi za mbao, ikatoka, zikabaki nyuzi za selulosi, ambayo ni polima. Rojo ya nyuzi hizo hutandazwa juu ya wavu na kukaushwa. Maji yakiisha, nyuzi hukaribiana na kushikana kwa vifungo vya haidrojeni, hata bila gundi. Maji yakirudi huvilegeza vifungo hivyo. Ndiyo sababu daftari lililonyeshewa huchanika kwa kuguswa tu, na ndiyo sababu karatasi kuukuu huweza kurudishwa kuwa rojo.

Wanga wa mahindi, zao lililoujenga mji wa Kitale, hufuata kanuni ileile. Maji yakipita nyuzijoto 60 hivi, chembe za wanga huvimba, vifungo hulegea na minyororo ya amilosi, mojawapo ya polima za wanga, huchuruzika nje. Ugali ukipoa, minyororo hiyo hujipanga upya na kukazana: kiporo huwa kigumu. Kukipasha moto hukilainisha kwa kiasi tu, kwa kuwa amilosi iliyokwisha kujipanga haiachani hadi joto lipite sana lile la maji yanayochemka.

Gunia la plastiki linalobeba mahindi hayo ni la polipropilini, isiyo na vifungo vya haidrojeni. Minyororo yake huvutana kwa nguvu za van der Waals pekee, nazo hutosha kwa sababu utepe unaofumiwa gunia huvutwa kiwandani hadi minyororo ikalala sambamba. Gunia likiachwa juani miezi mingi hukatikakatika; hapo miale ya urujuanimno imevunja vifungo vya kovalenti, yaani mnyororo wenyewe, na hakuna kukausha wala kupasha kunakoweza kuurejesha.