Nguo Hupita, Jina Hubaki: Merikani, Kaniki na Kanga

Mfasiri wa hati za biashara za Unguja za karne ya 19 hukutana mara kwa mara na neno merikani. Ni rahisi kulieleza kuwa ni "nguo itokayo Marekani", lakini maelezo hayo si sahihi kila mara. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi mitindo ya mavazi ilivyozuka, ikaenea na kufifia, na jinsi majina yake yalivyofuata njia yake yenyewe.

Merikani ilikuwa nguo nzito ya pamba, isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Baada ya Sayyid Said kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, nguo hiyo iliingia Unguja kwa wingi, ikapendwa kwa uimara wake. Misafara iliipeleka hadi Tabora na Ujiji, ambako ilivaliwa na pia kutumika kama fedha, ikipimwa kwa mikono, shuka na doti. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilikatiza biashara hiyo, na nguo za Uingereza na Bombay zikashika nafasi yake. Hata hivyo wanunuzi hawakubadili jina. Lililokuwa jina la nchi lilikwisha kuwa jina la aina ya nguo.

Kaniki ilikuwa na historia nyingine. Hii ni nguo iliyotiwa nili hata ikakaribia weusi, na huko Unguja ilikuwa vazi la watumwa wanawake na la maskini. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa waliiacha, wakavaa kanga za rangi na mapambo. Hapa nguo haikufifia kwa kukosekana sokoni, bali kwa sababu ilikumbusha unyonge. Neno kaniki halikufa, bali lilibaki na nguo yenyewe katika kazi za shamba na za uganga.

Kanga nayo ilitokana na leso, neno tulilolipata kwa Wareno, ambazo zilishonwa pamoja zikawa nguo moja pana. Jina la kanga huhusishwa na madoadoa ya ndege wa jina hilo. Mombasa bado husema leso pale ambapo Dar es Salaam husema kanga, na hapana sababu ya kulihesabu mojawapo kuwa kosa.

Mitindo ya baadaye ilipita upesi zaidi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita vimini, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Katika miaka ya 1970 zikavuma suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Neno kimini lilipata ngeli yake na wingi wake, likadumu, kwa kuwa sketi fupi hazikwisha. Bugaluu na raizoni yalishikamana na mtindo mmoja wa kizazi kimoja, na vijana wengi wa leo hawayajui.

Kutokana na hayo, tunaona kwamba jina hudumu linapotaja aina, na hufifia linapotaja msimu. Kwa hiyo haifai kuharakisha kuunda istilahi kwa kila vazi jipya, kwani watumiaji wenyewe huchuja. Wala haifai kufuta katika kamusi neno ambalo nguo yake imetoweka. Neno hilo hulihitaji mwanafunzi anayesoma historia, na hakimu anayesoma mirathi ya zamani. Lihifadhiwe pamoja na maelezo ya wakati na mahali lilipotumika.

Tunawaomba walimu wawahoji wazee kuhusu majina ya mavazi ya ujana wao, na wayaandike. Mengi ya majina hayo hayakuandikwa popote, na wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka.