Mto Pangani na Wenye Maji Yake

Mto Pangani hauna chimbuko moja. Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro. Ruvu hutoka upande wa Ziwa Jipe, penye mpaka wa Kenya. Mito hiyo miwili hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto huelekea kusini-mashariki, milima ya Upare na Usambara ikiwa kushotoni, hadi Korogwe, Hale na baharini.

Huko juu Kilimanjaro, wenye maji tangu zamani ni koo za Wachaga waliochimba mifongo. Mfongo huanzia korongoni: mto huzibwa kwa mawe, matope na vigogo vya migomba, maji yakafuata ubavu wa mlima mpaka kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani. Waliochimba ndio wenyewe, na maji hutolewa kwa zamu. Asiyefika siku ya kuzibua alitozwa faini. Kwangu mimi, hiyo ni sheria bora kuliko nyingi zilizoandikwa baadaye, kwa kuwa mgawaji na mgawiwa walijuana kwa sura.

Mdomoni mwa mto ulistawi mji wa Pangani, bandari ya misafara ya pembe za ndovu. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walianzia hapo mwaka 1857 kwenda Fuga kwa Kimweri, mtawala wa Usambara. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim aliongoza vita dhidi ya Wajerumani. Desemba 1889 wakamnyonga mjini humo humo. Mwaka 1893 ukaja mkonge: miche 62 tu iliyofika hai ilipandwa Kikogwe, jirani na mji, na mashamba yakaenea bondeni.

Kisha ikaja zamu ya umeme. Maporomoko ya Pangani yalifungiwa mitambo miaka ya 1930, Hale mwaka 1964, bwawa la Nyumba ya Mungu likafuata, na mwaka 1995 kituo kipya cha megawati 68. Bwawa liliwapa wavuvi perege, lakini lilizuia mafuriko yaliyokuwa yakilisha kinamasi cha Kirua, nacho kikasinyaa.

Tangu 1991 kuna ofisi ya bonde inayogawa maji kwa vibali. Kibali humwangalia anayechota. Mvuvi wa Kirua hachoti, wala mwenye minazi wa Pangani. Hao wanahitaji maji yaachwe mtoni. Yanapopungua, bahari hupanda na chumvi yake kuingia ndani ya mto.